Otto Ndani ya Debe la Maharage

Ndoto hii niliiota nikiwa nimelala juu ya gunia la sembe, katika stoo ya jiko la shule yetu ya bweni, na nawaomba wasomaji wasinicheke, kwa kuwa mimi ni mtu wa heshima, licha ya yanayosemwa kuhusu mimi na yule mbuzi aliyekutwa maktaba. Stoo sikwenda kwa hiari. Nilipelekwa na Mwalimu Luhwago, mtaaluma wetu, yaani msimamizi wa masomo na mitihani, nikachambue debe zima la maharage, nitoe mawe na yaliyooza, kwa kosa la kuuliza swali. Tena swali fupi.

Madam Ngailo, anayetufundisha Historia Kidato cha Tatu, alipofika kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia hakutuandikia sababu na matokeo ubaoni kama ilivyo desturi. Alimtaka kila mmoja wetu abuni kijana wa huko Ulaya, ampe jina, kazi na kitu anachokiogopa, kisha amlee muhula mzima. Wangu nilimwita Otto, kwa sababu jina hilo lina magurudumu mbele na nyuma kama baiskeli. Nikampa kazi ya kukanda mikate, nikamfanya aogope mabata bukini. Darasa lilicheka hadi machozi. Basi kila Ijumaa Madam alileta kopo la maziwa ya unga lenye vikaratasi, nasi tukachota mmoja mmoja na kusoma kwa sauti yaliyompata mtu wetu: amepewa soksi kavu, miguu imeoza kwenye handaki, amekufa. Muhula ulipofika katikati nusu ya darasa walikuwa wamefiwa, na Sanga, beki wetu mwenye kifua kama mlango wa benki, alisusa ugali kwa ajili ya fundi viatu ambaye hajawahi kuzaliwa. Otto alikuwa bado hai. Ijumaa hii nilikuwa nimeshachota kikaratasi chake, sijakikunjua, mlango ukafunguliwa.

"Madam, michezo hii inatoka kwenye mtihani?" aliuliza Mwalimu Luhwago.

"Vita vinatoka, mwalimu."

"Zinatoka sababu, yanatoka matokeo. Hapo katikati hapatoki."

Akabeba kopo, akanipokonya kikaratasi, akavuka uwanja na kuvimimina vyote kwenye moto wa jiko. Aliporudi nikanyoosha mkono kwa adabu zote. "Samahani, mwalimu. Watu walifia hapo katikati. Sasa wahamie wapi?"

"Wao sijui," akasema. "Wewe unahamia stoo."

Mtu mwenye hasira hulala kama jiwe lililotumbukia kisimani. Nilizama, nikajikuta kwenye barabara nyeupe yenye vumbi laini kama unga, na mbele yangu amesimama mwanamke aliyelika visigino vya viatu, sketi imejaa mbigili za kila kichaka alichochungulia. "Naitwa Udadisi," akasema. "Shuleni kwenu nimefukuzwa mara nyingi kuliko wewe." Nikamwambia, "Dada, hiyo rekodi naiheshimu." Akanishika mkono tukaenda hadi mji wa Bwana Muhtasari, mji usio na katikati. Nyumba zake zilikuwa na mlango wa mbele na ukuta wa nyuma, vyumba hakuna. Mbwa walikuwa kichwa kilichounganishwa na mkia. Na raia wake, vichwa vilivyopachikwa juu ya magoti, walizunguka wakiimba sababu na matokeo kwa sauti tamu, bila tumbo la kuumwa wala kifua cha kulilia. Nje ya lango aliketi mama mmoja amejiinamia, mikono mapajani. "Huyo ni Huruma," Udadisi aliniambia. "Hana kipindi kwenye ratiba."

Sokoni tukamkuta Bwana Takwimu, msafi, mnene, shati limepigwa pasi hadi kwenye mawazo. Alikuwa na debe, na mbele ya debe ulisimama mstari wa vijana wenye makoti ya matope, mstari ambao mwisho wake sikuuona. Kila aliyefika alikanyaga ukingo, akawa harage, akaanguka: tak. Debe lilipofurika, Bwana Takwimu alipitisha kijiti juu yake kusawazisha, na waliomwagika akawasogeza pembeni kwa ncha ya kiatu. "Hao ni makadirio," akaniambia kwa upole.

Ndipo nikamwona. Sikuwahi kumchora, lakini nilimjua kwa unga uliomfika viwikoni na jinsi alivyoangalia pembeni, kama mtu anayehofia bata.

"Mgaya," akaniita, "kikaratasi changu kilisemaje?"

"Kimeungua, Otto. Sikukisoma."

"Kwa hiyo sijui kama nife au nirudi nyumbani?"

Nikamwambia tu kwamba huku hakuna mabata bukini. Alicheka kidogo, kisha akauliza, "Nani alinitoa kwenye mikate? Wewe una mdomo. Uliza basi."

Nikamshika mkono wa koti, nikapiga kelele kwamba huyu ana jina. Bwana Takwimu akaguna. "Kijana, majina siyachukii. Tatizo ni nafasi. Majina hayakai vizuri kwenye debe." Naye Bwana Muhtasari akatokea na mkasi wake mrefu. "Jina hilo lina maksi ngapi?" akauliza, na bila kungoja jibu akaukata mkono wa koti niliokuwa nimeushika. Tak.

Nililirukia debe nilipindue. Udadisi akanizuia. "Debe halikusema uongo, mdogo wangu; kweli walikuwa wengi hivyo. Kosa ni la mkono unaomimina bila kutazama. Hasira yako ni njema, ila hasira isiyouliza huishia kuwa kelele za bweni. Tumbukiza mkono, mtafute." Nikatumbukiza. Yote yalifanana. Nikatoa moja, nikaligeuza, nikalitazama.

"Mgaya! Umelala?"

Nilizinduka mkono ukiwa ndani ya debe hadi kiwikoni, unga wa sembe shavuni, na Mwalimu Luhwago amenisimamia. Kiganjani nilikuwa na harage moja. Hapo ndipo nilipoelewa kilichoniuma tangu asubuhi. Otto nilimbuni mwenyewe, na kuungua kwa kikaratasi chake kumenikosesha raha. Wale wengine hawakubuniwa na mtu, walizaliwa, walikuwa na mama, na sisi tunafundishwa kuwamaliza kwa sentensi moja yenye maksi mbili. Jumatatu, Madam atakapolazimishwa kuandika sababu na matokeo, nitanyoosha mkono nimuulizie Otto swali lake, nani alimtoa kwenye mikate. Stoo naijua njia.

"Umechambua kiasi gani?" akauliza Mwalimu Luhwago.

"Moja, mwalimu."

"Muda wote huu, moja?"

"Nilikuwa nalitazama."

Nikalitia mfukoni, nikachukua jingine, nikaligeuza upande wa pili.

"Na debe hilo utalimaliza lini?"

"Sijui, mwalimu," nikamjibu. "Ni wengi sana."