Inawaka kwa Fundi, Nyumbani Haiwaki

Ashraf alimshtaki fundi wake asubuhi, na saa saba mchana akaenda kumwita amtengenezee pikipiki. Msidhani nimekosea mpangilio. Ndivyo alivyopanga mwenyewe, akiwa na akili zake timamu: mgambo waje kumchukua fundi baada ya sala ya alasiri, na kabla ya alasiri pikipiki iwe imepona. Fundi mwenyewe Ashraf alimchukia, lakini ufundi wake bado aliutaka.

Fundi huyo aliitwa Heritier, Mkongo wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, aliyevuka na mkewe na watoto wawili vita vilipopamba moto kwao. Walipelekwa kambini Lugufu. Heritier hakukaa hata miezi mitatu, akatoka bila kibali, akapanga chumba mjini, mtaa wa Rusimbi, na kufungua gereji yake chini ya mabati mawili. Huo ulikuwa mwaka tisini na saba, amri imeshatoka kwamba mkimbizi akae kambini, na anayekutwa mtaani arudishwe kwa gari, awe na watoto asiwe nao. Mji mzima ulijua kuwa Heritier hana kibali, na mji mzima ulimpelekea pikipiki zake. Watu walinyamaza kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri. Huo ndio wema wetu, usiwe na haraka ya kuusifu.

Pikipiki ya Ashraf ilikuwa nyekundu, ya kupiga kiki, na tangu mwanzo wa mwezi ilikuwa imemkataa mara tatu. Kila mara ilikataa uani kwake, Ujiji. Alipiga kiki mpaka shati likalowa, kisha akafungua kufuli ya usukani na kuisukuma mpaka Rusimbi akitukana njia nzima. Heritier aliisimamisha juu ya gogo lake, akapiga kiki moja, ikanguruma. Akasafisha plagi, akakaza hiki na kile, akasema mashine ni nzima. Siku nne nzuri, ya tano imegoma tena, uani palepale. Pikipiki inayowaka kwa fundi na kugoma kwa mwenyewe, wewe ungesema nini? Ashraf alisema kile ambacho barazani walikuwa wameshamsemea: Mkongo ametia kitu ndani ili mteja arudi.

Kama ingeishia hapo, angemtukana na kuhamia kwa fundi mwingine. Lakini Jumanne alfajiri ililetwa habari kwamba mama yake amefariki Kagunga. Kagunga huendi ila kwa boti, na boti huondoka Kibirizi saa mbili asubuhi. Kwa pikipiki angefika na dakika za ziada. Akapiga kiki. Akapiga mpaka muundi wa mguu ukachubuka na damu ikashuka kwenye kandambili. Jirani mwenye baiskeli alikuwa ameshatoka. Ashraf alikwenda kwa miguu, mara akikimbia mara akitembea, akafika Kibirizi na kuona boti limeshakuwa dogo majini. Alipofika Kagunga kesho yake, mama alikuwa amelala kaburini tangu jana. Mume wa dada yake ndiye aliyeingia kumpokea na kumlaza, kazi ya mtoto wa kiume, na mtoto wa kiume alikuwa mmoja tu. Dada yake hakumlaumu. Alimpa maji ya kunawa, akageuka.

Alirudi Ujiji baada ya kumaliza siku tatu za msiba, na hata nyumbani hakupita. Alikwenda moja kwa moja kwa Faustini, mkubwa wa mgambo, akamwambia yuko mkimbizi anayezurura, na kwamba alasiri ya leo atakuwa uani kwake.

Heritier hakutaka kuja. Alisema pikipiki iletwe gereji kama siku zote. Ashraf akamjibu mbele ya wateja wake kwamba leo haisukumwi, leo aliyeiharibu ataifuata ilipo, na kwamba huyohuyo ndiye aliyemzuia kumzika mama yake mzazi. Wateja walitazama chini. Heritier alikunja spana zake kwenye kitambaa bila kusema pole. Alikuwa na kiburi, tusimfanye malaika. Tangu mara ya pili alikuwa akimwita Ashraf, kwa wenzake, mzee wa kelele.

Uani pikipiki ilikuwa imesimama kama ilivyoachwa Jumanne, imeegemea stendi ya pembeni, usukani umelazwa kushoto mpaka mwisho na kufuli imefungwa. Heritier aliitazama bila kuigusa. Akauliza kama huwa anaipiga kiki ikiwa hivyohivyo. Ashraf akasema ndiyo, huiacha ichemke kwanza ndipo afungue kufuli, na kufuli ameianza mwaka huu, tangu mji ujae watu wasiojulikana walikotoka. Heritier alichutama kando ya injini.

Alichomoa plagi, akaigusisha kwenye injini, akapiga kiki. Hakuna cheche. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona ikigoma kwa macho yake, na usoni alionyesha furaha ambayo Ashraf aliichukia. Akaomba ufunguo, akafungua kufuli, akanyoosha usukani, akapiga tena. Cheche ya buluu ikaruka. Akaulaza kushoto, ikapotea. Akaunyoosha, ikarudi. Alifanya hivyo mara nne, polepole, akimtazama Ashraf kila cheche iliporuka.

"Umeshajua ulikokificha," Ashraf akasema.

Heritier aliinamia injini. Alitafuta waya wa kuzimia, ule ambao ukigusa chuma cha pikipiki, injini hunyimwa moto, na ndivyo inavyozimwa kwa ufunguo. Akauchomoa kwenye kiungo chake. Sasa hata usukani ukiwa kushoto cheche ilitoka. Kwa hiyo injini haikuwa na ugonjwa wowote. Kuna mahali waya huo ulikuwa ukigusa chuma usipotakiwa. Akaufuata kwa kidole mpaka kwenye shingo, chini ya usukani, nyaya zote zinapopita katika kifungu kimoja. Akafungua kile kifungu. Ganda la waya lilikuwa limelika upande mmoja, shaba inang'aa, na kila usukani ulipolazwa kushoto ile shaba ilibanwa kwenye chuma. Kila mara alipokaza hiki na kile gereji kifungu kilikuwa kimesogea kidogo, kikarudi palepale baada ya siku chache. Na pale palipolika palikuwa na nyuzi za kamba ya manila, za kijani, zimenasa kwenye grisi.

Heritier akazivuta kwa koleo, akamnyooshea.

"Nani anafungaka kamba hapa?"

Ashraf alizijua zile nyuzi kabla hazijamfikia. Masika barabara ya kusini ikikatika, hupakia pikipiki kwenye boti mpaka Sunuka kununua dagaa. Ili isigaragare, huulaza usukani kushoto, huzungusha manila shingoni na kuikaza kwenye mbao za boti kwa nguvu zake zote. Siku nzima boti hucheza na kamba husaga. Alifungua mdomo kusema ni mabaharia wa boti. Mkewe Hadija, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni pa jiko, akawahi.

"Hufunga mwenyewe," alisema. "Hataki mtu mwingine aiguse."

Ashraf alimtazama mkewe kwa jicho ambalo siku nyingine lingemnyamazisha. Hadija aliendelea kuchambua mchele.

"Hakuna mutu aliharibu," Heritier akasema. "Ni ile kamba yako. Na ile siku ya mama, ungenyoosha usukani tu, ingewaka."

Aliisema makusudi. Alikuwa ametukanwa mwezi mzima na sasa zamu yake ilikuwa imefika, akaitumia. Ashraf aliutazama usukani. Akaiona Jumanne yote: kiki, damu, kandambili, na usukani uleule umelala kushoto mbele ya macho yake, unangoja asogeze mkono mmoja.

Faustini aliingia na vijana wawili, fimbo mkononi, wakati Heritier ameanza kuzungusha tepu kwenye waya. Aliwaamkia wote shikamoo, hata waliokuwa wadogo kwake, kama kawaida yake ya mizaha, kisha akamwelekea mwenye nyumba.

"Bwana Ashraf, ndiye huyu?"

Alikuwa na nafasi ya kusema si yeye, huyu ni ndugu yangu, nilikosea. Faustini alikula dagaa wake miaka yote, angeondoka. Neno lilikuwa hapo kwenye ulimi. Lakini kama si Heritier aliyemzuia kumzika mama, basi ni yeye mwenyewe, na Ashraf hakuweza kubaki uani peke yake na mtu huyo.

"Ndiye."

Heritier aliinua kichwa. Alielewa yote kwa mara moja, hata saa aliyoitiwa. Hakuomba. Alimwambia Faustini asubiri raundi mbili za tepu, akamalizia, akarudisha nyaya mahali pake, akakunja spana kwenye kitambaa. Alimwomba Hadija apeleke habari Rusimbi kwa mama watoto, kwamba afungashe vitu, mgambo wasimkute amelala. Hadija aliacha ungo palepale, akajitanda kanga, akatoka nyuma yao bila kumuaga mumewe.

Uani ukabaki na mtu mmoja. Ashraf alirudisha plagi, akaegemeza pikipiki kwenye stendi, akaulaza usukani kushoto mpaka mwisho, akafunga kufuli. Akapiga kiki. Ikawaka. Akaizima, akapiga tena. Ikawaka. Adhana ya magharibi ilimkuta bado anapiga, mguu umeanza kutoka damu upya, anamwomba Mungu igome japo mara moja ili kosa libaki la fundi, na kila mara iliwaka.