Pete za Mnyororo Kiganjani

Kovu la Bobini lilianza kuwasha kabla hata hajakaa kitini hospitalini. Likinusa spiriti huamka, na likiamka, wifi yake naye hubisha: ko, ko, ko, katikati ya kiganja, vilevile alivyobisha mlango wa nyuma wa kiwanda cha magodoro mpaka moshi ukamnyamazisha.

"Kuwashwa, moja mpaka kumi?" aliuliza mtafiti, binti mpole, miwani ikimteleza puani.

"Kumi na moja haipo?"

"Haipo, dada."

"Basi andika kumi. Hiyo moja nitarudi nayo nyumbani."

Mtafiti akacheka, akaligandamiza kovu kwa kipande cha kioo. Likawa jeupe. Alipoachia, damu ilirudi pete baada ya pete. Pete za mnyororo, kwa kuwa ndio uliofunga ule mlango, na Bobini aliung'ang'ania ukiwa mwekundu kwa moto, wifi akimsukuma mgongoni. Walipofika polisi mnyororo ulikuwa umeyeyuka, na si kwa moto: kuna aliyeuondoa. Wenye kiwanda wakasema bila haya kwamba mlango ulikuwa wazi, wafanyakazi ndio waliochanganyikiwa. Walisema hivyohivyo ghala lao la zamani lilipoungua, na watu wakasahau. Bobini hakusahau. Mwezi ujao tume ya uchunguzi ingekaa, na ushahidi wake ulikuwa huu mkononi. Picha za kovu alizopiga kwa simu, wenye kiwanda walishazikataa, eti zimetengenezwa.

"Dawa hii inalilaza kovu kabisa," mtafiti alieleza, akichora mstari wa wino katikati ya kiganja. "Nusu tunatibu, nusu tunaacha, halafu tunalinganisha."

"Nitibu huku kwenye vidole. Nataka kushika sindano tena. Hapa kwenye mnyororo paache."

"Hatuchagui sisi, dada. Bahasha ya bahati nasibu ndiyo inachagua. Tukichagua, utafiti umekufa."

"Aliyechagua mlango wa kufunga hakufungua bahasha."

Mtafiti akachukua kamera. "Tutapiga picha kwanza."

"Yenye jina langu?"

"Yenye namba. Majina hatuyatoi, ni kwa kukulinda."

"Wifi yangu pia walimtoa mochwari kwa namba."

Bahasha ikafunguliwa. Mtafiti alisoma kimoyomoyo, na uso wake ukasema kabla ya mdomo: wa kutibiwa ni upande wa mnyororo.

"Na kubisha kutaisha?" Bobini aliuliza.

"Kubisha?"

"Kuwasha."

"Kwa wengi kunaisha. Wanalala usingizi."

Usingizi. Neno lilimwingia kama maji ya baridi kooni. Hapohapo kiganja kikanyamaza kimya, kama mtu aliyetega sikio nyuma ya ubao wa mlango, anasubiri kusikia kama wa upande wa pili bado yupo au kaenda zake.

Bobini akavuta mkono.

"Niandike nimejitoa."

"Dada, nafasi hii hairudi. Utalala lini?"

"Siku mwenyekiti wa tume atakaponipa mkono, akaona ameshika nini."

Akachukua pamba yenye spiriti, akaufuta ule mstari mwenyewe, taratibu, ameuma meno.