Mkunja Miavuli

Mke wa fundi umeme alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza. Ukoo wa mumewe ulimpa jina la Mpelelezi kabla ndoa haijatimiza mwezi, naye akalipokea kwa mikono miwili. Kazi yake ilikuwa udobi katika hospitali. Kutwa alikunja mashuka, na kwa mashuka hakuna mtu aliyeweza kumdanganya.

Paa la nyumba yao lilipoanza kuvuja, yeye na mumewe walihamia kwa mama mkwe hadi mafundi wamalize. Siku ya pili tu, Mpelelezi akaona jambo lililomwacha mdomo wazi.

Mama mkwe alikuwa anakunja shuka. Aliitandaza juu ya meza ya kulia, akavuta pembe zote nne mpaka kitambaa kikalala kama maji, kisha akapanga vifuko sita vya mchanga ukingoni kuizuia isiteleze. Alipitisha kiganja juu ya kila mkunjo huku midomo ikicheza bila sauti. Alipofika katikati, jirani akabisha hodi dirishani. Bibi yule akamsikiliza, akacheka naye, akamuaga. Kisha akarudi mezani, akaikunjua shuka yote na kuanza upya. Alipomaliza, akavihesabu vile vifuko kimoja kimoja, vikatimia sita, akavirudisha kwenye kopo.

"Mama yako alifanya kazi gani jeshini?" Mpelelezi alimuuliza mumewe.

"Stoo," alisema fundi umeme, kichwa kikiwa ndani ya redio mbovu. "Mambo ya kugawa mablanketi."

"Una uhakika?"

"Ah, nilikuwa mtoto! Askari hasa alikuwa marehemu baba. Yeye ndiye aliyekwenda vitani."

Ijumaa ile wifi yake alikuja. Huyu alikuwa mwalimu mkuu, na hata nyumbani alizungumza kama yuko mbele ya mstari wa asubuhi. Siku ya kuwakumbuka wanajeshi wastaafu ilikuwa imekaribia, na kila mwaka yeye ndiye aliyesimamia sherehe ya mama: keki, shada la maua na hotuba. Kila mwaka mama alisema, "Ahsanteni wanangu," akala kipande kidogo, kisha akaenda kujilaza.

"Wifi, hotuba inasema mama alifanya nini?" Mpelelezi aliuliza.

"Alilitumikia taifa kwa moyo wake wote."

"Kwa kufanya nini?"

"Alikuwa karani."

"Kaka yako anasema stoo."

Mwalimu mkuu akamgeukia fundi umeme. Fundi umeme akaitazama redio. 

Kesho yake asubuhi, mama mkwe alipotandaza shuka nyingine, Mpelelezi alivuta kiti akakaa kimya. Kimya kile kilimgharimu, maana maswali yalikuwa yanamwasha ulimini. Alingoja mpaka kifuko cha sita kiingie kwenye kopo.

"Mama, mimi ni dobi. Hakuna dobi anayekunja hivyo."

Mama mkwe akafunika kopo. "Si shuka ninayokunja," alisema. "Mikono ndiyo imezoea. Nilikuwa nakunja miavuli."

"Miavuli ya mvua?"

Bibi yule alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Miavuli ya kurukia, mwanangu! Ya askari wanaoruka kutoka kwenye ndege. Miaka kumi na tisa. Ukikatizwa katikati, unakunjua yote, kwa sababu hujui ulipoishia. Na vifuko unavihesabu, kwa sababu kimoja kikisahauliwa ndani, kuna mtu huko juu atakuwa anavuta kamba na hakuna kinachofunguka."

Mpelelezi akasogeza kiti mbele. "Na wewe uliwahi kuruka?"

"Ilikuwa sheria. Mara moja kwa mwaka kila mkunjaji anaruka na mwavuli aliokunja mwenyewe, na anachaguliwa mmoja bila yeye kujua ni upi. Hapo hakuna anayekunja kizembe."

"Mara kumi na tisa?"

"Kumi na saba. Miaka miwili nilikuwa na mimba."

"Mbona watoto wako hawajui?"

"Waliniuliza lini?" Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Baba yao alikuwa na hadithi za vita, na alijua kuzisimulia. Za kwangu zilikuwa za vitambaa."

Mpelelezi hakulala na siri ile. Alimpigia wifi yake simu hapo hapo, akamwambia aache keki na hotuba, aje Jumapili na mikono mitupu. "Na uje na swali moja ambalo hujawahi kumuuliza mama."

Jumapili ilipofika, meza ilisogezwa katikati ya sebule na shuka kubwa kuliko zote ikatandazwa. Mama alisimama kichwani mwa meza, na sauti iliyomtoka wanawe hawakuwahi kuisikia.

"Wewe, shika pembe! Si hivyo, unashika kama unashika panya. Mwalimu mkuu, mbona mkunjo wako umekwenda upogo? Kunjua!"

Walikunja na kukunjua mara nne. Fundi umeme alitokwa jasho. Mwalimu mkuu, aliyezoea kusahihisha wengine, alisahihishwa mpaka akaanza kucheka kama msichana. Walipopumzika, ndipo akatoa swali lake.

"Mama, kuna siku uliogopa?"

Mama akakaa. "Siku moja mwavuli niliokunja mimi haukufunguka. Nilikuwa pale chini uwanjani, nahesabu. Kila mkunjaji alihesabu sekunde tangu mtu aruke hadi mwavuli ufunguke. Kijana aliyeruka nao akafungua mwavuli wa akiba, akatua, akavunjika kifundo cha mguu. Nilihojiwa siku tatu. Saini yangu ilikuwa kwenye kadi ya mwavuli ule. Mwisho wakagundua kamba ilikuwa na kasoro ya kiwandani, lakini nilikuwa nimeshaamua kuacha kazi."

"Kwa nini hukuacha?" aliuliza fundi umeme.

"Alipopona mguu, yule kijana alikuja chumba cha kukunjia. Miavuli mia moja imepangwa kwenye rafu, tayari. Hakuchukua hata mmoja. Akasimama mbele yangu akasema, 'Dada, wa kesho nikunjie wewe.' Basi." Aliinua mabega. "Nilipewa vyeti baadaye, sijui viko wapi. Ile ndiyo shukrani niliyoondoka nayo."

Hakuna aliyetoa hotuba. Mwalimu mkuu alisogeza kiti chake karibu na cha mama, akauliza jina la kijana yule, kisha miavuli ilikuwa ya rangi gani, kisha mlango wa ndege ukifunguliwa mtu anasikia nini. Maswali yalimwagika hadi chai ikapoa.

Siku yenyewe ya wastaafu, fundi umeme aliwapeleka mama, mkewe na dada yake kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji, ambako aliwahi kutengeneza taa. Kulikuwa na chama cha warukaji pale. Ndani ya banda refu, msichana mmoja alikuwa amepiga magoti sakafuni akiukunja mwavuli wa rangi ya machungwa. Alipoutia kwenye mfuko wake na kuufunga, mama mkwe alisogea, akainama kwa shida, akagusa kwa ncha za vidole kitambaa cha mwavuli mwingine uliotandazwa kando.

"Hiki ni kitambaa gani? Cha kwetu kilikuwa kizito."

Msichana akainua uso. "Cha kwenu wapi, bibi?"

Akaambiwa. Macho yakamtoka, akawaita wenzake wawili, wakaleta kiti, lakini mama hakukaa. Aliuliza juu ya kamba, juu ya kadi, kama bado mkunjaji anatia saini, na kama wakunjaji wa siku hizi nao wanaruka. Kila jibu lilizaa swali jingine.

"Kumbe mpelelezi si mimi peke yangu," alinong'ona mkwe wake.

"Tumngoje nje," alisema fundi umeme.

Wakatoka wakakaa kwenye nyasi, wote watatu, wakitazama juu. Wa kwanza kuruka alipotokea, mdogo kama punje, mwalimu mkuu alijikuta anahesabu kwa sauti.