Mwasmini wa Nje ya Ukuta

Virginia alikuwa amechutama nyuma ya nyumba namba kumi na mbili, akiupiga picha mwasmini, mlango wa nyuma ulipofunguka.

"Unapiga picha maua au makosa?" aliuliza Bi Joha.

"Makosa, mama. Samahani."

"Basi ingia unywe chai kwanza. Makosa hayakimbii."

Virginia alikuwa karani wa chama cha wenye nyumba katika mtaa ule wa nyumba za kufanana, upande wa Silicon Oasis, Dubai. Miaka miwili ya masomo ya jioni kule Nakuru ndiyo iliyompa kazi hii, na mwanawe wa miezi tisa, aliyeachwa kwa jirani Al Qusais, ndiye aliyemfanya aishikilie. Barua aliyoibeba ilikuwa fupi: ardhi ya nje ya ukuta ni ya wote, na kilichopandwa humo kitang'olewa Alhamisi. Jirani wa namba kumi na nne alikuwa ameshtaki.

Bi Joha aliisikiliza ikisomwa hadi mwisho. Alikuwa amekuja kutoka Unguja kukaa na mwanawe, mwenye nyumba, na mti ule aliupanda mwenyewe.

"Kwetu, uwanja wa nje ya ukuta usipoufagia na kuupanda wewe uliye karibu, watu wanakuona mvivu," alisema. "Miye nilidhani nawafanyia wema. Kila Alasiri nachuma vitumba kabla havijafunguka, namtungia mke wa mwanangu kikuba cha kuvaa kifuani usiku. Kitu gani kingine nilicho nacho hapa?"

Virginia aliikunja barua, akaaga.

Jioni ile, mtoto akivuta ncha za karatasi, aliyasoma masharti yote ya mtaa mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akisoma kwa mtihani. Kilichokatazwa ni mkazi kupanda kwa matumizi yake mwenyewe, si kwa ajili ya wote. Asubuhi alimwonyesha bosi wake, Sir Aboud, naye akasema, "Akiandika kwamba ni wa wote, khalas, yamekwisha."

Jumatano Virginia alirudi kwa Bi Joha.

"Kuna njia, mama. Uandike kwamba mti umeupa mtaa. Hautang'olewa. Lakini hautakuwa wako tena. Yeyote anaweza kuchuma."

"Hata yule wa kumi na nne?"

"Hata yeye."

"Anishtaki, kisha anichumie."

"Ndiyo, mama."

Bi Joha aliutazama mti kupitia dirisha, na Virginia akaona haya, kana kwamba ni yeye aliyeleta shoka. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe kalamu, mwanangu. Bora niuone mti nikaona wivu, kuliko nibaki kuuota."

Wiki iliyofuata, baada ya Alasiri, Virginia alipita tena. Madam wa kumi na nne alikuwa pale mtini, anavunja tawi zima lenye maua yaliyokwisha kufunguka. Bi Joha alikuwa mlangoni, ameuma midomo, amekamata pindo la kanga yake kwa mikono yote miwili. Virginia alisimama.

"Madam," Bi Joha akasema hatimaye, kwa Kiingereza chake cha maneno machache. "Hayo yamechoka. Chukua yaliyofumba, usiku yatafunguka."

Yule madam akageuka, uso umemwiva, akafungua kiganja. Bi Joha akaenda, akachuma vitumba vitatu, akamwekea. Akasita. Akaongeza kimoja.