Kipimo cha Walioolewa

Binti alikuwa amejikunja kwenye benchi la korido kama shuka lililokamuliwa, chupa ya maji mapajani, akinywa kwa amri. Maji yajaze kibofu, ndipo mashine ya ultrasaundi ione kilichoko nyuma yake. Alishayanywa maji hayo mara nyingi katika hospitali hii, na kila mara karatasi ilitoka na neno lile lile: kawaida. Kawaida ya nani?

Mama yake, mpishi wa shule ya bweni, alimsugua mgongo. Mwezi huu maumivu yalimkuta binti saluni akisuka. Alimwangukia mteja kichwani, na mwenye saluni akamwambia akapumzike mpaka atakapoitwa. Hakuitwa. Nyumbani, baba mtu alikuwa ameupokea kwa mikono miwili ushauri wa daktari: mwozeni, akizaa yataisha. Mchumba naye alishapatikana, mwenye duka la vipuri, mgane mwenye haraka zake.

"Wakisema tena hana kitu," baba alikuwa amesema asubuhi, "basi dawa yake tunaijua."

Mama aliijua dawa hiyo kuliko wote. Alimezeshwa akiwa na umri huo huo wa binti, miaka kumi na tisa. Siku alipopelekwa hospitali, muuguzi hakumuuliza yeye, alimuuliza mama yake mzazi: ameolewa? Hajaolewa. Basi hakuna aliyemtazama. Waliandika vidonge na mume, na mume akapatikana kabla vidonge havijaisha. Akazaa wanne. Maumivu hayakwenda popote. Alisimama mbele ya masufuria akiwa ameuma kona ya aproni, na watu wakamsifu: yule mama ni chuma. Kumsifu mwanamke ni rahisi kuliko kumpima.

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi akachungulia, na sauti yake ikafika mwisho wa korido.

"Huyu wa maumivu ya tumbo! Ameolewa?"

Benchi zima likageuka. Juu ya mlango palikuwa na tangazo: KIPIMO CHA NDANI NI KWA WALIOOLEWA TU. Halikuwa na sahihi. Amri za namna hii huwa hazina mzazi. Safari iliyopita mpimaji alimnong'oneza binti: juu ya tumbo sioni vizuri, ningepitia ndani ningeona, lakini wewe bado hujaolewa.

"Nimeolewa," binti akasema.

Uso wa mama ulipata moto. Ubavuni mwake alikaa jirani yao wa mlango wa pili, mwanamke ambaye habari hailali kwake, na alijua fika kwamba hapakuwa na harusi. Hapana ilikuwa imeshafika kooni mwa mama, hapana ile ile aliyoijibu mama yake zamani, tayari kutoka yenyewe kama kikohozi.

"Ni kweli, mama?" muuguzi akamgeukia. "Maana watoto wa siku hizi kwa uongo hawajambo."

"Huyu si mtoto." Mama akainuka. "Ni kweli. Ameolewa."

"Mume wake yuko wapi?"

"Kwani tumbo ni la mume?"

Mtu mmoja akacheka kule mwisho. Muuguzi akasonya, akawapisha.

Ndani, mpimaji hakudai cheti. Alimtuma binti chooni akayamwage maji yote, maana kipimo hiki kinataka kibofu kitupu, kisha akamwonyesha kifaa, chembamba, kimevishwa mpira na kupakwa jeli.

"Mwili ni wako, mdogo wangu. Ukisema basi, naacha papo hapo. Nianze?"

"Anza, dada." Akaushika mkono wa mama, akaufinya mpaka vifundo vikalia.

Mpimaji alisimamisha picha moja baada ya nyingine. Mwisho akawageuzia skrini.

"Huu ni ukuta wa mfuko wa uzazi. Upande huu umenenepa kuliko ule. Ona vitundu hivi vyeusi ndani ya msuli. Na vivuli hivi vinavyoshuka..."

"Kama nywele zilizopitiwa na kitana," binti msusi akasema kwa sauti ndogo.

"Hivyo hivyo. Utando wa ndani ya mfuko umejipenyeza kwenye msuli, na kila mwezi unavimba na kuvuja damu humo humo. Ugonjwa huu unaitwa adenomayosisi. Sisi tulifundishwa kwamba ni ugonjwa wa wanawake wa miaka arobaini, waliokwisha kuzaa. Kwa hiyo kwa wasichana hatuutafuti."

Binti akaanza kulia. Kilio chake cha maumivu mama alikijua. Hiki kilikuwa kingine.

"Kumbe kipo," alisema. "Mama, kumbe kipo."

"Atapona?" mama akauliza.

"Zipo dawa za homoni, zitamtuliza. Kuumaliza kabisa ni kuutoa mfuko wenyewe, na hatujafika huko. Kuzaa huenda kukawa na taabu, sitawaficha. Ila ndoa si tiba."

Mama aliendelea kuitazama ile michirizi ya kivuli. Miaka yote alidhani amejaliwa moyo mgumu. Kumbe huenda alikuwa mgonjwa tu, mgonjwa asiyetazamwa. Hasira ilimpanda polepole, na haikuona mtu mmoja wa kumwangukia.

Koridoni jirani aliwangoja akitabasamu. "Hongera, jamani! Harusi mmeila wenyewe?"

"Hakuna harusi. Nimesema uongo ili mwanangu apimwe. Katangaze."

Simu ya mama ikalia. Alikuwa baba mtu.

"Wamesemaje?"

"Mwambie mwenye duka asije. Wameuona ugonjwa." Akajaribu kulitamka lile jina, likamshinda, akampa binti simu. Binti akalitamka taratibu, silabi kwa silabi, kisha akairudisha.

"Mbona sijawahi kuusikia?" baba alikuwa akisema. "Ugonjwa huo kwetu haupo."

"Upo," mama akasema. "Umelala nao kitanda kimoja tangu uliponioa."

Simu haikukatwa. Mama alimsikia mumewe akipumua, naye akasimama pale pale katikati ya korido, watu wakimpita kushoto na kulia, akingoja aseme.