Vinguzo vya Ephantus

Sukari ilianza na macho ya Ephantus Nderitu, kisha ikashuka kwenye vidole. Nasema sukari, ule ugonjwa, ambao siku zile pale Yamumbi wengi wetu tuliujua kwa jina tu. Kufikia mwaka wa themanini na sita alikuwa anaona mwanga na kivuli, basi, na ncha za vidole zilikuwa zimekufa ganzi hata angeshika sufuria ya moto asijue mpaka asikie harufu. Na huyu alikuwa fundi wa kukereza mbao. Fundi wa kukereza hufanya kazi kwa macho na vidole. Kimoja kikichoka, kingine kinashika zamu. Kwake vilienda vyote viwili. Iliniuma, na iliniudhi pia, maana watu waliokuwa wakimbembeleza awatengenezee miguu ya meza sasa walipita njia ya nyuma ili wasimsalimie.

Tulikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Mume wangu, Okello, alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha nguo mjini, na mkewe Ephantus, Wacera, alikuwa rafiki yangu wa karibu kuliko dada zangu. Mengi ya haya niliyaona. Yale ambayo sikuyaona, Wacera alinisimulia baadaye, na hakujipendelea.

Wazee wa kanisa walikuja nyumbani kwao asubuhi moja. Walikuwa wanajenga reli ya mbele ya madhabahu, ile watu hupiga magoti wakipokea meza ya Bwana, na walihitaji vinguzo, zile nguzo fupi za kukereza zinazoshika reli, thelathini na zaidi, vyote sawasawa. Hawakuja kumpa kazi. Walikuja kumuuliza ni fundi gani mwingine anayefaa.

"Mimi," akasema Ephantus.

Wakatazamana juu ya kichwa chake, kwa sababu waliweza. Wakamwachia kwa huruma, nadhani wakijua watatafuta mwingine kimyakimya.

Jioni ile alimwita Okello. "Mkono yangu imekataa kazi," alimwambia. "Sasa patasi isukumwe na screw, na screw izungushwe na mota. Mimi nitafunga mbao, niwashe, nisikize."

"Mzee, hiyo screw lazima ikuwe ndefu, na straight."

"Basi tutafute ndefu."

Waliipata Chepsaita, kwenye karakana iliyofungwa zamani, ndani ya mashine kubwa ya chuma iliyoota kutu. Mota ilikuwa ya waipa ya lori, ile ya kufuta mvua kwenye kioo, ikila betri. Patasi ilifungwa kwenye kigari kidogo cha chuma kilichopandishwa juu ya skrubu. Skrubu ikizunguka, kigari kinatembea polepole kando ya mbao inayozunguka, na patasi inaingia na kutoka ikifuata ubao wa mfano. Kigari kikifika mwisho kinagonga kengele ya baiskeli, Ephantus asikie na kuzima. Hiyo kengele ilikuwa akili yake mwenyewe, na alijivuna nayo kweli kweli. Walijaribu kwa kipande kifupi cha mti wa jakaranda kikatoka kizuri. Ephantus alicheka mpaka akakohoa, akamshika Okello bega, akakataa kuliachilia.

Wiki ile ile shemeji yangu akafa, tukasafiri Ugenya kuzika. Tulikaa huko, kama ilivyo kawaida ya kwetu, mpaka mambo yote ya marehemu yakaisha. Kwa hiyo kinguzo cha kwanza kirefu hatukukiona.

Wacera alikiona. Alikuwa amesimama pembeni akisikiliza mota ikinguruma, na katikati ya safari akaona kigari kinasitasita, kama ng'ombe anayefikiria kabla ya kuvuka mtaro, kisha kikaendelea. Patasi haikusitasita, ilikula mbao pale pale. Kengele ikalia. Ephantus akakifungua kinguzo, akakipapasa kwa vidole visivyosikia, akamnyooshea mkewe.

"Mama Nyakio, wewe ndio macho. Iko sawa?"

Kilikuwa na mfereji katikati, umezunguka tumbo lote, wa kina cha ukucha. Wacera alikiona, na akamwona pia mumewe. Asubuhi hiyo alikuwa amenyoa ndevu bila kuambiwa. Alikuwa ameimba akienda karakana. Mwaka mzima alikuwa amekaa akielekea ukuta, na sasa alikuwa amesimama na vumbi la mbao kwenye nyusi, akingoja.

"Iko sawa," akasema Wacera.

"Laini?"

"Kama yai."

Basi akaendelea, na vyote vikatoka na mfereji mahali pamoja. Mchana Ephantus akipumzika, Wacera alivibeba nyuma ya nyumba na msasa. Kuufuta kulishindikana, ulikuwa umeingia ndani mno. Alichoweza ni kuulainisha kingo, kila kimoja, mpaka ukaonekana kama umewekwa kwa makusudi. Vidole vyake vilitoka damu. Mimi simlaumu, ingawa ziko siku namlaumu.

Tulirudi kutoka Ugenya siku chache kabla ya kanisa kufunguliwa. Mgeni wa heshima alikuwa mwenyekiti wa chama tawala wa lokesheni. Tulimngoja mpaka watoto wakalala kwenye mabenchi. Alipofika na beji yake kifuani, alihutubia juu ya umoja na maendeleo na Nyayo, wito wa Rais wa siku zile, kisha akaigeukia reli.

"Na muone hizi pete!" akasema. "Kila nguzo na pete yake katikati! Hiyo ndiyo ufundi ya Nyayo! Fundi asimame tumpigie makofi!"

Ephantus alikuwa ameshaanza kusimama huku akitabasamu. Lakini yeye hakuwa amekereza pete yoyote. Tabasamu likabaki usoni, akili ikawa imeondoka. Kando yangu Okello alininong'oneza, "Screw imelika pale katikati. Ona." Wacera alikuwa ameinamisha kichwa.

Ephantus alitembea mpaka mbele huku ameshika benchi moja baada ya jingine. Akapiga magoti. Akapapasa kinguzo, hakusikia kitu, akainama na kukigusa kwa mdomo. Midomo yake ilikuwa bado hai. Akaishusha kutoka juu kwenda chini, na katikati akasimama. Akasogea kwa magoti mpaka kinguzo cha pili, akafanya vile vile. Cha tatu. Kina mama walidhani anabusu madhabahu, wakaanza wimbo, na mchungaji akainua mikono. Kanisa zima lilikuwa linalia kwa furaha. Mimi nilikuwa nalia pia, si kwa furaha.

Tulirudi nyumbani sisi wanne. Hatukuwa mbali na kanisa Ephantus aliposema, "Zote ziko na hiyo alama?"

"Zote," akajibu Wacera.

"Tangu ile ya kwanza?"

"Baba Nyakio, nilidhani—"

"Tangu ya kwanza?"

"Ndiyo."

Okello, mume wangu, ambaye hajui wakati wa kunyamaza, akaingilia. "Ni screw tu, Mzee. Imelika hapo. Tungesogeza kitanda cha mashine tutumie ule upande mwingine wa screw, haujaguswa."

"Kazi ya muda gani?"

"Nusu siku hivi."

Ephantus akasimama barabarani. Hakupaza sauti, na heri angepaza. "Ungeniambia, Mama Nyakio, ningekuwa na kazi ya kufanya. Nusu siku nzima ya kazi. Lakini wewe uliona mimi nimeisha."

Wacera alilia njia yote. Mumewe alimwacha amshike mkono, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani.

Okello alisogeza kitanda cha mashine wiki iliyofuata bila kuombwa. Akakereza kipande kirefu mwenyewe, kikatoka bila alama yoyote, akampelekea. Ephantus alikishika, akasema asante, akakiweka sakafuni. Hakukipeleka mdomoni, wala hakumuuliza mtu kikoje.

Mota haikuwashwa tena. Ephantus aliendelea kumwita mkewe, kwa chai, kwa dawa, kwa kufungwa viatu, na Wacera aliacha alichokuwa akifanya akakimbia kila mara, akidhani labda leo ni kwa ajili ya mbao.