Safari ya Jumatatu

Kwa wakimbizi wa Kikongo wa mtaa wa Bertrams, anayekwenda Amerika hauzi vyombo vyake kwa ndugu. Anavigawa, na wao wanamwombea. Victorine aligawa mpaka kijiko cha mwisho kwa roho kunjufu, na chumba akamwachia Murielle, mjamzito wa kanisani kwao. Kesho, Jumatatu, yeye na mumewe Alexis wangepanda ndege. Baada ya mahojiano na vipimo visivyokwisha, hatimaye!

Alikuwa ndiyo kwanza anatoka ibadani alipoitwa na Selemani, mtu wa Tanga mwenye duka pale chini ya ghorofa yao.

"Shemeji, hebu njoo uone."

Kwenye televisheni, uwanja wa ndege wa Amerika ulifurika watu wenye mabango. Rais wao mpya alikuwa ametia saini amri ya kuzuia wakimbizi, na nchi nzima ilikuwa imeshikana mashati.

"Si sisi," Victorine alisema haraka. "Sisi tulishamalizaka yote. Hata tiketi iko."

Selemani alipunguza sauti ya televisheni, jambo asilolifanya hata siku ya mpira.

Simu ya Victorine ikalia. Alikuwa mwanamke wa ofisi ya safari za wakimbizi.

"Mama, kesho msiende uwanjani. Safari zimesimamishwa."

"Mpaka lini?"

"Hatujui, mama."

Victorine alikaa juu ya kreti ya soda. Alexis alikuwa amesharudisha sare yake ya ulinzi na kuacha kazi. Saa hiyo yuko mjini ananunua koti la baridi ya huko. Hasira zikampanda Victorine. Mtu mmoja na kalamu yake, ng'ambo huko, na yeye hapa hana hata sufuria ya kuchemshia maji!

"Hao wanaopiga kelele wanasemaje?" aliuliza.

"Wanasema mwachiwe muingie. Wamarekani wenyewe hao."

Hapo ndipo Victorine alipolia.

Alipanda ngazi akiwa amekata shauri: chumba anakichukua tena. Nani angemlaumu? Mlangoni alimkuta Murielle ameegemeza godoro ukutani, mkono kiunoni, anahema.

"Yaya," alisema, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa, "nisamehe nimewahi. Kule tulikopanga mwenye nyumba ametufungia nje."

Victorine alilitazama lile tumbo. Maneno yote aliyoyapanga akayaacha.

"Ingia," alisema. "Godoro lako weka kule dirishani. Sisi tutalala hapa mlangoni, mpaka Wamarekani wamalize ugomvi wao."